Chupa za Jemu Katika Nyumba ya Eda



Mhariri wetu aliniomba makala juu ya namna ya kupamba chupa tupu za kioo kwa vitu vyepesi vinavyopatikana nyumbani. Nadhani alitaraji kwamba nitamkabidhi mke wangu kalamu, na kwa kweli nusu ya maelezo yatakayokuja ni yake. Lakini nusu ya pili ni yangu mwenyewe, kwa sababu chupa hizo ziliwahi kunitia makosani, na kosa la mwenye kuulizwa hukumu si la kufichwa chini ya jamvi.

Jioni moja baada ya sala ya Isha, nikiwa bado nakusanya majuzuu ya watoto wa madrasa, mzee mmoja katika jamaa zetu wa pwani tuishio hapa Riruta Satellite alinivuta kando akaniuliza suala kwa sauti ya chini. Alisema yuko mama katika ploti yao, mwenyeji wa Lamu, aliyefiwa na mumewe, na hata miezi miwili haijatimu. Amekaa eda. Naye kutwa yumo chumbani anachora maua ya rangi juu ya chupa za jemu, na majirani wanaona kila mlango unapofunguliwa. "Je, Maalim, hayo si mapambo? Na mwenye eda si amekatazwa mapambo?"

Nilikuwa nimechoka, na mvua ilikwisha kuanza kupiga mabati. Nikamjibu, "Mwambieni aache." Nikajitanda koti langu nikaenda zangu nyumbani.

Neno kama hilo halihitaji kubebwa. Lilimfikia mama yule kabla ya adhana ya Alfajiri, naye akazikusanya chupa zake akazitia ndani ya ndoo, akaifunika ndoo. Siku tisa zilipita bila mimi kujua lolote. Siku ya tisa mke wangu, aliyekwenda kumtazama, alirudi akiwa kimya, na sisi tulioishi na wake zetu miaka mingi twaujua ukimya wa namna hiyo. Nilipomdadisi akaniambia: "Yule ni mchoraji hina, Baba. Hiyo ndiyo kazi yake. Maharusi wa Kibera na Kawangware wamepita mikononi mwake. Sasa hina imemharamikia kwa mwili wake, na katika nyumba za harusi hawezi kwenda kukaa. Chupa zile ziliagizwa na watu wa bibi harusi mmoja, watie visheti na haluwa za kuwapa wageni. Zilikuwa ndizo kodi ya mwezi huu."

Nikauliza kodi imelipwa vipi. Akaniambia haijalipwa.

Usiku ule nilikitoa kitabu. Wengi wetu tulioketi kitako katika vyuo vya pwani tulikisoma Minhaj at-Talibin cha Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijria, yaani 1277 Miladia. Katika mlango wa eda, Imam anaeleza yanayomkataza mjane: nguo zilizotiwa rangi kwa ajili ya urembo, vito vya dhahabu na fedha, manukato, wanja wa kujirembesha, na hina. Yote hayo ni mapambo ya mwili na mavazi yake mwenyewe. Kisha Imam akaongeza jambo ambalo halijazi hata mstari mmoja wa kitabu: kwamba ni halali kwake kupamba matandiko na vyombo vya nyumba, na ni halali kujisafisha, kuosha kichwa na kukata kucha. Nililisoma hilo nikiwa kijana, nikalihifadhi kwa kuliimba kama tulivyofunzwa, na jioni niliyolihitaji halikunijia, kwa kuwa sikulingoja.

Na liko jingine katika mlango huohuo. Mjane wa eda ya kufiwa anaruhusiwa kutoka mchana kununua chakula na uzi na mfano wa hayo, na hata usiku kwenda kwa jirani yake wa kike kusokota uzi na kuzungumza, sharti arudi alale nyumbani kwake. Nililirudia jambo hilo mara mbili. Imam yule aliyeishi Damascus, zaidi ya miaka mia saba iliyopita, alipomfikiria mjane alimfikiria akiwa na kazi mkononi na jirani wa kuzungumza naye. Mimi nilimfikiria akiwa ameketi kitandani akiutazama ukuta.

Kesho yake baada ya Alasiri tulikwenda, mke wangu na mimi. Chumba chenyewe ni futi kumi kwa kumi, kama vyumba vingi vya ploti za huku nyuma ya Barabara ya Naivasha, kikigawanywa na pazia. Kaka yake, aliyekuja kutoka Lamu kwa matanga, alikuwapo, nami nikaketi naye upande wa mlangoni. Nikasema kwa sauti ya kumfikia dada yetu nyuma ya pazia kwamba hukumu niliyoitoa ilikuwa na makosa, kwamba kazi yake ni halali, na kwamba naomba radhi. Kimya kikapita kidogo. Kisha akasema, "Maalim, mimi sikuudhika kwa kukatazwa. Nimezoea kukatazwa tangu siku ile. Niliudhika kuwa hukuniuliza ninachora nini."

Basi nikamwuliza. Yafuatayo ni katika aliyoyasema yeye, na aliyoyaona mke wangu na binti yangu walioketi naye jioni kadhaa baada ya siku hiyo.

Chupa bora ni ile ya mdomo mpana: ya jemu, ya asali, ya kahawa ya unga, ya mayonezi. Huku kwetu waokotaji huziuza kwa bei ndogo katika soko la Kawangware, zikiwa bado na karatasi zake na harufu zake. Karatasi huondoka kwa kuilaza chupa ndani ya maji ya moto yenye sabuni kwa muda wa saa moja. Kinachobaki ni gundi, na gundi ile haisikii maji. Mwanamke asiyejua hukwangua kwa kisu akaikwaruza chupa. Dawa yake ni mafuta kidogo ya kupikia yaliyochanganywa na magadi ya kuokea mikate mpaka yawe kama uji mzito. Hupakwa, huachwa nusu saa, kisha husuguliwa kwa kitambaa na kuoshwa tena kwa sabuni. Ama harufu ya achari, haimo katika kioo. Imo katika mpira ulio ndani ya kifuniko, na kifuniko hicho hukaa jua la siku mbili kikiwa kimepakwa siki. Kama harufu haikutoka, tafuta kifuniko kingine usijisumbue.

Chupa ikikauka, hupanguswa upande wa nje kwa pamba iliyotiwa spiriti. Hatua hii wengi huiruka, kisha wakalalamika kwamba rangi imebambuka kama ngozi ya mjusi. Alama ya kidole tu, kwa mafuta yake machache, inatosha kuizuia rangi isishike. Tangu hapo chupa hushikwa kwa kutia vidole ndani ya mdomo wake.

Sasa kazi ya koni. Wachora hina wote wanajua kukunja karatasi ya nailoni ngumu, ile ya kufungia maua, ikawa pembe yenye ncha nyembamba. Badala ya hina, dada yetu hutia humo rangi ya akriliki iliyochanganywa na gundi nyeupe ya maseremala, kwa kadiri ya kijiko cha rangi kwa kijiko cha gundi. Gundi huufanya mstari usimame juu ya kioo badala ya kutambaa, hata ukipitisha kidole umekwisha kukauka wauhisi kama uzi ulioshonwa. Alimwambia binti yangu kwamba mkono ni uleule wa hina, ila kioo hakina subira ya ngozi. Juu ya ngozi mstari uliokosewa hugeuzwa jani. Juu ya kioo huteleza, na dawa yake ni kijiti chenye pamba mbichi, upesi, kabla rangi haijashika.

Kioo nacho kina fadhila yake. Mwenye mkono usiozoea huchora ua lake kwanza juu ya karatasi, akaikunja karatasi akaitia ndani ya chupa ikitazama nje, kisha akafuatisha kwa koni mistari anayoiona. Hata mtoto wa darasa la tatu aweza. Chupa hulazwa juu ya kitambaa kilichozungushwa kama kata ya kubebea maji, isibingirike. Huchorwa upande mmoja, ukaachwa ukauke, ndipo ikageuzwa. Wenye haraka huchora pande zote kwa mara moja, wakashindwa pa kuishikia.

Mambo mawili ayasisitizayo. La kwanza, acha vidole viwili chini ya mdomo wa chupa bila rangi wala gundi, kwa sababu hapo mkono na chakula hupita. Na ndani ya chupa usipake kitu kabisa. La pili, rangi hiyo hukauka kwa siku moja lakini haikomai. Huhitaji kama wiki tatu ndipo ishike barabara, na hata baada ya hapo chupa huoshwa ndani kwa maji na nje hupanguswa tu. Ukiilaza ndani ya karai pamoja na sufuria, maua yako yatakwenda na povu.

Asiyeweza kuchora ana leso. Kila nyumba ya pwani, hata iwe imehamia Dagoretti, ina leso iliyochakaa ambayo hakuna mwenye moyo wa kuifanya tambara. Pindo hukatwa likawa mkanda wa kuizunguka chupa. Mji hutoa ua la kati. Na jina, yaani yale maneno ya chini, huweza kuzungushwa shingoni. Gundi nyeupe hulegezwa kwa maji kidogo, hupakwa juu ya kioo, kitambaa kikabandikwa kikinyooshwa kwa kidole kutoka katikati kwenda pembeni ili pepo zitoke, kisha hupakwa gundi tena juu yake. Itaonekana nyeupe kama maziwa. Usiogope, ikikauka huwa wazi. Mwingine hutumia kamba ya katani, akiizungusha kuanzia chini duru kwa duru juu ya gundi, akimalizia kwa ushanga. Katani na ushanga vyapatikana Kariokor, na vipande vya lesi vya kufungia kifuniko hupatikana Toi kwa mwenye subira ya kuchakura.

Jirani wa dada huyu ni bibi wa Kinubi kutoka Makina, naye ana mtindo wake. Wanubi wa Kibera, ambao mababu zao walikuwa askari wa Kisudani katika jeshi la Waingereza, wanawake wao husuka tabaga, vile vifuniko vya chakula vya duara vyenye rangi zilizo kali kama mchana wa kaskazi. Bibi huyu hupaka kifuniko cha chupa kwa duru zilezile, nyekundu, kijani, zambarau, manjano. Mke wangu huona rangi ni nyingi mno. Mimi sina rai. Nilikwisha kutoa rai moja juu ya chupa, na ilitosha.

Kwa nini watu wamezirudia chupa? Sababu moja ni sheria. Tangu tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini Kenya, ile desturi ya kuweka sukari, unga wa ngano na kunde katika mifuko iliyofungwa fundo na kutundikwa misumarini iliondoka. Katika chumba kimoja ambamo watu hulala, hupika na hupokea wageni, vyombo vya chakula haviwezi kufichwa. Vitaonekana. Basi anayeishi humo huchagua vionekane vipi.

Hapa ndipo nilipokumbuka zidaka. Mwenye kuingia katika nyumba za mawe za Lamu na Pate, zile zilizojengwa karne ya 18, akafika ndani kabisa ambako wanawake hukaa, hukuta ukuta mzima wa chokaa iliyochongwa umejaa vishubaka vidogo safu kwa safu. Humo ziliwekwa sahani za Kichina na vyombo vya kioo vilivyokuja na majahazi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipoyalilia majumba ya Pate katika Al-Inkishafi hakuzisahau zidaka. Wako waliodai kuwa sahani ile huvunjika badala ya mtu kudhurika na jicho. Hayo hayana asili katika dini, nami huyataja ili yaachwe. Lakini kwamba chumba cha ndani, chumba cha uzazi na cha eda, ndicho kilichopambwa kuliko sebule ya wanaume, hilo ni kweli, na ni jambo ambalo sikuwahi kulitafakari mpaka nilipoketi mlangoni katika ploti ya Riruta. Dada yetu wa Lamu amepigilia mbao tatu ukutani, amepanga chupa zake safu kwa safu. Sikumwuliza kama ameziiga zidaka. Sidhani kama mtu huiga alimozaliwa.

Na neno lenyewe tunalo katika Kitabu. Sura An-Nur, aya ya 35, inataja mishkat, na ndani yake taa, na taa imo ndani ya kioo. Wafasiri wetu wa Kiswahili wameitia mishkat neno shubaka, nayo shubaka ndiyo kidaka. Mafundi wa Misri na Sham katika zama za Masultani wa Kimamluki walifanya taa za misikiti za kioo, shingo pana na tumbo la duara, wakazipamba kwa dhahabu na kwa rangi zilizotengenezwa kwa kioo kilichosagwa, kisha zikatiwa motoni tena ili rangi ishikane na kioo. Nyingi katika hizo ziliandikwa aya hiyohiyo ya Nur. Taa za msikiti na madrasa ya Sultan Hasan mjini Cairo, jengo lililoanzwa mwaka 1356, ni katika mashuhuri zaidi. Fundi yule naye alichora juu ya mviringo, na bila shaka naye alitafuta pa kuishikia taa yake.

Kioo chenyewe si kitu cha mbali nasi. Ni mchanga, magadi na chokaa, vilivyoyeyushwa kwa moto unaokaribia nyuzi 1500 za Selsiasi. Magadi hayo huchimbwa katika ziwa la Magadi tangu mwaka 1911, na reli ikayashusha hadi bandari ya Mombasa. Kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, huko Kitengela, msanii Nani Croze, mzaliwa wa Ujerumani, alianzisha karakana ya vioo ambamo madirisha makuukuu na chupa zilizotupwa huyeyushwa zikawa bilauri, shanga na vioo vya rangi. Kazi ile inataka tanuri na mtaji. Ya huku kwetu inataka koni na mkono mtulivu.

Nimalizie yanayonihusu, yaani mipaka, kwani maswali yamekuwa mengi tangu habari hii ienee.

Nimeulizwa juu ya chupa za pombe, kwa kuwa waokotaji huzileta pamoja na nyingine na baadhi yake zina umbo zuri. Abu Tha'laba al-Khushani, radhi za Allah ziwe juu yake, alimwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya vyombo vya Ahlul Kitab walivyopikia nguruwe na kunywea pombe, akaelekezwa kwamba wakikosa vingine waoshe kwa maji kisha watumie. Kioo hakinywi kilichomo. Kikioshwa hadi iondoke dhati ya najisi, ladha yake, rangi na harufu, kimetoharika. Hata hivyo mimi nisingependa kuona juu ya rafu ya Mwislamu chupa ambayo kila apitaye huijua kwa umbo lake ilikuwa ya nini. Hilo ni suala la muruwa, na chupa za jemu ni tele.

Juu ya rangi ya dhahabu: vyombo vya dhahabu na fedha vimekatazwa, lakini rangi inayong'aa kama dhahabu ni rangi tu. Juu ya picha: tuchore maua, majani, nyota, mawimbi na mistari, na tuache sura za wanyama na watu. Mkono uliozoea hina hautaona upungufu.

Juu ya kuandika aya na majina ya Allah, hapa nitakuwa mkali kidogo. Imam an-Nawawi ameeleza kuwa katika madhehebu yetu ni makuruhu kuiandika Qur'ani juu ya kuta na nguo. Sembuse chupa ya chumvi, inayoshikwa kwa mkono wenye shombo la samaki, kisha siku ikivunjika hufagiliwa ikatupwa mtaroni! Mtu ataniambia: mbona taa za Cairo? Nami nitasema taa zile zilitundikwa juu, ndani ya misikiti, hazikufikiwa na mkono wenye mchuzi. Juu ya hayo sikusema kuwa kila walichofanya masultani ni hoja.

Lakini lililo zito kwangu kuliko hayo yote ni la watoto. Huku mafuta ya taa huuzwa kwa kipimo na hubebwa katika chupa yoyote iliyopo. Chupa ikishapambwa maua, kwa mtoto wa miaka miwili imekuwa ni kitu cha tamu. Basi mafuta ya taa, dawa ya kuondoa madoa na sumu ya panya visitiwe kamwe katika chupa ya namna hii, wala visikae rafu moja nazo. Na ikitokea mtoto amekunywa mafuta ya taa, msimtapishe, kwani yanapopanda huingia mapafuni, mkimbizeni hospitali.

Vilevile nimeona vijana wanatia mshumaa ndani ya chupa iliyobandikwa kitambaa, wakaizima taa ili waone mwanga wa rangi. Ni mzuri, sikatai. Lakini moto wa mshumaa uliokaribia ukingo hukipasua kioo, na kitambaa chenye gundi hushika moto, na nyumba zetu ni mbao na mabati yaliyoshikana mgongo kwa mgongo. Ziko taa ndogo za betri. Tumieni hizo.

Eda ya dada yetu ilikwisha, miezi minne na siku kumi. Kodi ya mwezi ule ililipwa. Namna ilivyolipwa haihusu gazeti. Harusi ilipita kwa chupa zisizotimia idadi, na bibi harusi, nimeambiwa, alizigawa kwa wazee tu. Sasa amerudi katika kazi yake ya maharusi, na chupa hufanya siku zisizo na harusi, yeye na wasichana wanne wa mtaani anaowafundisha, mmoja wao akiwa binti yangu.

Siku aliyotoka eda alimletea mke wangu chupa moja ya achari ya ndimu. Achari imekwisha, sasa mna iliki. Iko juu ya kabati la vitabu, karibu na Minhaj. Ina ua la mlangilangi lililozungukwa na mzabibu, na mzabibu ule umekwenda duru yote ya chupa isipokuwa upana wa vidole vitatu upande wa nyuma, ambapo mstari umekatika ghafla. Nilimwuliza binti yangu kwa nini mwalimu wake hakuumalizia. Akaniambia alimwuliza, naye akamjibu kuwa chupa hiyo ndiyo iliyokuwa mkononi jioni alipoletewa habari.